Maua makubwa au mistari? Na ule ukuta unaotoa chumvi je?

"Shikamoo fundi. Tumehamia kwetu Kigamboni mwaka jana, nyumba tumeijenga kidogo kidogo. Sebule ni mita 5 kwa 4, na kutoka sakafuni hadi kwenye jipsamu ni mita 3.2. Nataka kubandika wolpepa kuta zote nne. Mimi nimependa yenye maua makubwa ya dhahabu. Mume wangu anataka mistari ya kusimama, anasema maua ni ya saluni. Shida ni kwamba ukuta mmoja, unaopakana na bafu, rangi inabanduka kwa chini na kuna unga mweupe kama chumvi. Fundi wetu anasema tusihangaike, tubandike ile ya plastiki nzito, itaficha na itazuia unyevu. Muuza duka amepiga hesabu, anasema roli 11 zinatosha. Jirani naye kanitisha kwamba wolpepa zinaleta fangasi, na mwanangu wa miaka 6 ana pumu. Chumbani kwetu pia nilitaka kuweka, kuna kiyoyozi. Nifuate lipi?"

Marahaba, mama. Hongera kwa kuhamia kwenu. Nyumba ya kujenga kidogo kidogo ina utamu wake, ila ina madeni yake pia, na mengine hayajitokezi mpaka masika ya kwanza yapite. Huo unga mweupe ni deni mojawapo, ndiyo maana nitaanza nao. Najua mnachobishana nyumbani ni maua au mistari. Tutafika huko.

Kwanza nimpinge fundi wenu, kwa heshima zote. Plastiki nzito haizuii unyevu kuingia ukutani, inauzuia kutoka. Ukuta wako umeshalowa kutoka nyuma au kutoka chini. Ukiufunika kwa mbele ni kama kumfunika mtu aliyetoka kuoga kwa koti la mvua. Hatakauka, atavunda.

Tofali la simenti lina vitundu vidogo mno ambavyo jicho halivioni, na maji hupanda ndani yake kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Hayahitaji kusukumwa na mtu. Yakifika kwenye uso wa ukuta yanakauka na kwenda zake, lakini chumvi yote yaliyoyeyusha njiani inabaki. Ndicho kinachofanyika kwenye mashamba ya chumvi ya Bagamoyo, tofauti ni kwamba wewe unavuna sebuleni. Chumvi hiyo inaweza kutoka ardhini, kwenye simenti yenyewe, au kwenye mchanga, na huku pwani mchanga usiooshwa ni mshukiwa wangu wa kwanza. Punje zinakua nyuma ya rangi na kuisukuma mpaka ibanduke. Halafu chumvi ina tabia nyingine mbaya: inavuta maji kutoka hewani. Angalia kopo la chumvi jikoni kwako mwezi wa nne. Ndiyo maana ukuta wenye chumvi unaweza kuwa na unyevunyevu asubuhi hata kama mvua haijanyesha wiki tatu.

Sasa bandika plastiki juu yake. Maji yaliyokuwa yanakauka kwa mbele yamezibiwa njia, kwa hiyo yanaendelea kupanda kutafuta pengine pa kutokea. Ukuta uliokuwa unabanduka sentimita 40 kutoka sakafuni utakuja kubanduka kwa mita nzima. Nyuma ya plastiki kuna gundi, ambayo mara nyingi ina wanga, kuna giza, kuna joto na kuna maji. Kama ungetaka kufuga fangasi kwa makusudi, usingeweza kuwajengea banda zuri kuliko hilo.

Kwa hiyo ukuta huo hauwekwi chochote kwa sasa. Kazi ya kwanza ni kujua maji yanatoka wapi, na kwa kuwa bafu lipo nyuma yake, kuna washukiwa wawili. Tazama umbo la doa. Likiwa limekwenda kama mkanda, usawa mmoja ukuta mzima, huenda maji yanapanda kutoka kwenye msingi, pengine kwa sababu nailoni ya kuzuia unyevu haikuwekwa juu ya msingi au ilitobolewa wakati wa kujenga. Likiwa ni doa la upande mmoja, lenye umbo la ramani, na hasa likiwa karibu na bomba au chini ya shawa, basi ni bomba linalovuja au maji yanapita kwenye viungo vya marumaru. Usiku wakati watu wamelala, funga mabomba yote na uandike namba za mita ya maji. Soma tena alfajiri kabla mtu hajafungua bomba. Zikiwa zimesogea, kuna mahali panavuja. Kama mnatumia tenki la juu, funga njia ya kulijazia, weka alama ya usawa wa maji, kisha angalia asubuhi. Jaribio hili halinasi maji ya shawa yanayopenya kwenye marumaru, kwa sababu hayo hutoka pale tu mtu anapooga. Kwa hayo, msioge humo siku chache, mtumie choo cha wageni kama kipo, muone kama doa linapungua.

Kuna jaribio jingine ambalo nakuomba ulifanye kwenye kuta zote unazofikiria kuzibandika, hata zile zinazoonekana salama. Chukua nailoni inayopitisha mwanga, kata mraba wa nusu mita, uubandike ukutani kwa selotepu pande zote nne bila kuacha pengo. Uache siku mbili. Ukikuta matone au ukungu upande wa ndani, unaogusa ukuta, ukuta ndio unaotoa maji. Ukikuta umande upande wa nje, unaotazama chumba, maji ni ya hewani, dawa yake ni madirisha na feni, si saruji. Nailoni ikibaki kavu pande zote mbili, hapo ndipo tuzungumze habari za maua.

Twende kwenye chumba chenye kiyoyozi, maana hapo nina kovu langu mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya kazi hii nilibandika chumba cha mteja kwa karatasi nzuri sana ya plastiki, rangi ya maziwa, kuta zote. Kiyoyozi kilikuwa kinawashwa tangu jioni hadi asubuhi, nyuzi 18. Baada ya masika moja alinipigia simu: ukuta umetoa madoa ya waridi. Nikadhani watoto wamemwaga juisi. Nilipobandua kipande, nyuma yake palikuwa peusi, na harufu yake bado naikumbuka. Nilirudisha pesa, na kubandua chumba kizima kulinichukua siku nyingi kuliko nilizotumia kubandika.

Nilichojifunza baadaye ni kwamba madoa hayo ya waridi yanajulikana vizuri na wenye hoteli za Florida, Marekani, ambako hali ya hewa ya joto na unyevu inafanana na ya kwetu. Ni rangi inayotolewa na fangasi walioko nyuma, ikapenya kwenye plastiki hadi mbele. Sababu ni hii. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, yaani siku ya kawaida kabisa ya mwezi wa tatu Dar es Salaam, huanza kugeuka maji ikigusa kitu chenye nyuzi 25 hivi. Ndiyo maana chupa ya soda ya baridi inatoka jasho. Chumba chako kikipozwa hadi nyuzi 18, uso wa ndani wa ukuta unakuwa ile chupa. Mvuke wa nje unapenya polepole kwenye matofali kuelekea ndani kwenye ubaridi na ukavu. Ukuta wenye rangi ya maji huuacha upite, na kiyoyozi huukausha. Ukuta wenye plastiki unauzuia hapohapo nyuma ya karatasi, penye ubaridi, na huko unageuka maji.

Kwenye nchi za baridi mambo ni kinyume. Huko mvuke wakati wa majira ya baridi unatoka ndani ya nyumba yenye joto kwenda nje, hivyo plastiki upande wa ndani haiwasumbui sana, wakati mwingine hata inawasaidia. Karatasi nyingi tunazouziwa zimesifiwa na watu wa huko, kwa nyumba za huko. Sifa ni za kweli. Nyumba ndiyo tofauti.

Kwa chumba chenu cha kulala, basi, nisingebandika plastiki kwenye ukuta wowote unaotazama nje. Ukuta wa ndani, unaotenganisha chumba na korido kwa mfano, hauna tatizo hilo kwa kiwango hicho. Kichwa cha kitanda kikiwa huko, una bahati. Na kiyoyozi kiwekwe nyuzi 24 au 25. Ukuta utashukuru, na bili ya umeme pia.

Jirani yako, kwa hiyo, ana nusu ya ukweli. Karatasi haileti fangasi. Chembe za fangasi zipo hewani kila mahali na hazihitaji kuletwa. Zinachosubiri ni maji. Kwa mtoto mwenye pumu kinachomsumbua zaidi ni ukungu wenyewe na vumbi. Hivyo kwa ajili yake epuka karatasi zenye manyoya kama mahameli, zile za kitambaa, na zile za majani yaliyofumwa kama mkeka. Ni nzuri kutazama, lakini zinashika vumbi na huwezi kuzifuta kwa maji. Chagua uso laini unaofutika. Siku za kubandika na siku chache baadaye alale mbali na chumba hicho, madirisha yakiwa wazi, kwa sababu gundi na plastiki mpya hutoa harufu inayoweza kumkaba. Kama tayari anakohoa usiku au anahitaji dawa ya kuvuta mara kwa mara kuliko zamani tangu mhamie, hilo si suala la fundi. Mpelekeni kwa daktari wake, na mumweleze kuhusu ule ukuta.

Kuna hadithi ya kale inayowatisha watu, kwamba karatasi za ukutani ziliwahi kuua. Si uzushi. Ulaya ya karne ya 19 ilipenda sana kijani kikali kilichotengenezwa kwa aseniki, sumu iliyowahi kutumika kuua panya, na kilipakwa kwenye karatasi za nyumba nyingi. Miaka ya 1890 mwanasayansi wa Italia, Bartolomeo Gosio, alionyesha kwamba aina fulani za ukungu zikiota juu ya rangi hiyo hutoa gesi yenye aseniki. Karatasi za leo hazina rangi hiyo, ondoa hofu. Ila angalia kwamba hata huko, mkosaji mwenza alikuwa unyevu.

Haya, dukani. Utaambiwa majina mengi, lakini kwa macho ya ukuta kuna mambo mawili tu ya kujua: mgongo ni wa nini, na uso ni wa nini. Mgongo unaweza kuwa karatasi ya kawaida, au zile nyuzinyuzi zilizogandamizwa bila kufumwa, zinazofanana kidogo na mifuko mbadala tuliyoanza kubebea nyanya baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku mwaka 2019. Mgongo wa nyuzinyuzi ni bora kwa fundi, kwa sababu hautanuki ukilowa. Gundi inapakwa ukutani moja kwa moja na kipande kinawekwa kikiwa kikavu. Karatasi ya kawaida ikilowa inatanuka, lazima isubiri dakika kadhaa ikiwa imekunjwa na gundi yake. Fundi asiye na subira ataibandika mapema, itatanukia ukutani na kutoa mapovu, au ikikauka viungo vitaachana.

Uso ndipo wauzaji wanapotuchanganya. Atakwambia "hii si plastiki, ni ya nyuzinyuzi", na anasema kweli kuhusu mgongo huku mbele kuna vinaili tupu, yaani plastiki. Jipimie mwenyewe. Omba kipande cha sampuli, nenda nacho nyumbani, ukifunike juu ya kikombe cha maji ya moto, na juu ya kipande hicho weka glasi kavu iliyopinduliwa. Glasi ikipata ukungu, mvuke unapita, karatasi inapumua. Ikibaki kavu, hiyo ni plastiki, muuzaji aseme atakavyo.

Inayopumua ina udhaifu wake, sitakuficha. Haivumilii kusuguliwa, mafuta ya mkono yanaacha alama, na yenye uso wa karatasi tupu haidumu huku kwetu kama yenye plastiki kwenye ukuta mkavu. Kwa sebule yako isiyo na kiyoyozi, kwenye ukuta wa ndani uliofaulu jaribio la nailoni, vinaili nyepesi yenye mgongo wa nyuzinyuzi ni chaguo ninaloweza kulitetea. Kwa ukuta unaotazama nje, hapana, hasa ule unaopigwa na mvua. Nyuma ya roli kuna michoro midogo ambayo watu hawaisomi: wimbi moja maana yake unaifuta taratibu kwa sifongo, mawimbi mawili inaoshwa, matatu inaoshwa zaidi, na brashi juu ya wimbi inavumilia kusuguliwa. Jua zima maana yake haipauki upesi kwa mwanga, nusu jua inapauka mapema. Kwa nyumba yenye mtoto usishuke chini ya mawimbi mawili.

Zile za kubandua na kubandika zenye gundi yake, na zile za sponji zenye umbo la matofali, nazizungumzia kwa ufupi tu kwa kuwa hukuniuliza. Hazishiki kwenye ukuta unaotoa vumbi, zinaanguka kwenye ukuta unaochomwa na jua la jioni, na zile za sponji zinashika moto upesi. Jikoni karibu na jiko la gesi usiziweke hata kwa bahati mbaya.

Sasa ugomvi wenu. Mume wako ana hoja na wewe una hoja, lakini ukuta una hoja kubwa kuliko zenu. Mistari ya kusimama huinua dari kwa macho, na kwa mita 3.2 dari yako haihitaji kuinuliwa. Ipo juu tayari. Tena mistari ni shahidi mkali. Kona ikiwa imepinda sentimita 2 kutoka juu hadi chini, jambo la kawaida sana kwenye nyumba zetu, rangi itaficha na maua yataficha, lakini mstari utakwenda ukijikata pembeni mpaka kila mgeni auone. Chukua uzi wenye kizito, timazi ya fundi uashi inatosha, uuning'inize kila kona. Ukuta ukiwa umenyooka, mistari inaruhusiwa. Ukiwa umepinda, mume wako ameshindwa kesi na si mimi niliyehukumu.

Maua makubwa yanaubeba ukuta mrefu vizuri. Hata hivyo nisingeweka kuta zote nne. Wazo kwamba ua kubwa linafaa chumba kikubwa tu si sahihi. Linachosha mahali ambapo jicho halina pa kupumzikia. Ukuta mmoja wenye maua, kuta tatu zenye rangi tulivu iliyochukuliwa ndani ya ua lenyewe, hapo hutasikia neno saluni. Pia kumbuka kochi litaficha karibu mita nzima ya chini, na picha mnazotundika zitaficha nyingine. Usinunue ua ambalo uzuri wake wote uko chini.

Kuhusu dhahabu, kuwa mwangalifu. Uso unaong'aa unaonyesha kila kinundu cha skimingi (ile lipu laini ya mwisho), zaidi sana ukuta ukipokea mwanga wa dirisha kwa ubavu. Usiku washa taa uiegemeze ukutani: vivuli utakavyoviona ndivyo vitakavyoonekana kwenye dhahabu kila jioni. Na karatasi yenye utando halisi wa chuma hupitisha umeme, kwa hiyo isipenyezwe nyuma ya swichi na soketi, na umeme uzimwe wakati wa kukata maeneo hayo. Dhahabu iliyochapwa iliyofifia, isiyong'aa kama sufuria mpya, ni salama zaidi kwa macho na kwa ukuta.

Kabla ya kununua, fanya nifanyavyo na wateja wangu. Tafuta kitenge chenye ua la ukubwa huo na rangi zinazokaribia, kitundike kwenye ukuta huo kwa wiki nzima. Kitazame asubuhi, kitazame usiku kwenye taa zenu. Taa nyeupe sana zinazoelekea ubuluu, ambazo tumezijaza majumbani, hugeuza rangi ya krimu kuwa kijivu cha hospitali. Siku ya tano kama bado unakipenda, nenda dukani. Hata sampuli ya karatasi yenyewe usiihukumie dukani.

Kitenge kitatusaidia pia kuelewa zile roli 11. Fundi cherehani mzuri akishona gauni la kitenge chenye ua kubwa hakati tu. Anapoteza kitambaa ili ua likutane na mwenziwe kwenye mshono. Karatasi ni vilevile. Muuza duka alichukua mzunguko wa chumba, mita 18, akazidisha mara 3.2, akapata mita za mraba 57.6, akagawa kwa 5.3 ambayo ni eneo la roli ya kawaida ya upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10.05. Jibu ni 10.9, akasema 11. Hesabu hiyo ingefaa kama tungekuwa tunamwaga rangi.

Karatasi inahesabiwa kwa vipande vya kusimama. Mita 18 kwa sentimita 53 ni vipande 34. Kila kipande kinahitaji mita 3.2 na sentimita 10 za kupunguza juu na chini, yaani 3.3. Roli moja ya karatasi isiyo na ua inatoa vipande vitatu, kwa hiyo roli 12. Lakini ua likijirudia kila sentimita 64, ukubwa wa kawaida kwa maua makubwa, kila kipande lazima kianze mahali pale pale pa ua. Marudio matano ni mita 3.2, haifiki 3.3, kwa hiyo unakata marudio sita: mita 3.84. Roli inatoa vipande viwili tu. Unahitaji roli 17. Milango na madirisha yatapunguza kidogo, kwa kuwa mabaki ya mita mbili na ushee yanafaa juu ya milango, lakini huwezi kutoka 17 hadi 11. Ungekwama kwenye theluthi mbili ya kazi, urudi dukani, na ukute mzigo mwingine.

Mzigo mwingine ni balaa lake peke yake. Roli zina namba ya toleo, na matoleo mawili ya karatasi ile ile yanaweza kupishana rangi kiasi ambacho huoni ukiwa dukani na unaona ukishabandika. Zote ziwe namba moja, uzikague kabla ya kulipa. Kwa ukuta mmoja wa mita 5, ninaokushauri, ni vipande 10, roli 5. Nunua 6. Na kama roli za duka lenu ni zile pana za Korea za sentimita 106, hesabu inabadilika, irudie kwa njia hii hii ya vipande.

Ukuta uandaliwe. Rangi inayotoa unga mkononi ikwanguliwe, skimingi ikauke kabisa, ipigwe msasa, ipakwe praima. Simenti mbichi ina ukali unaoharibu gundi na kugeuza rangi za karatasi, kwa hiyo ukuta mpya au uliozibwa upya usiguswe kabla ya wiki nne, na wakati wa mvua zaidi ya hapo. Msimruhusu fundi atengeneze gundi ya unga wa ngano. Inashika, ndiyo, na mende watakuja kula chakula cha jioni ukutani. Gundi ya dukani yenye kizuia ukungu haina gharama kubwa ukilinganisha na karatasi. Kazi ifanyike kipupwe, mwezi wa sita hadi wa nane, si katikati ya masika.

Ule ukuta wa bafu urekebishwe kwanza chanzo, halafu chumvi ifagiliwe kwa brashi kavu, si kuoshwa, kwani maji yatairudisha ndani. Lipu iliyooza ibanduliwe hadi juu ya mwisho wa doa, ipigwe mpya kwa mchanga safi, iachwe miezi kadhaa. Baadaye upake rangi inayopumua. Ukitamani ufanane na ule wa maua, fundi rangi anaweza kuchapa ua moja moja kwa stensili ya karatasi ngumu. Wazee wetu wa Lamu na Pate walijua pwani ni nini: kuta zao za mawe ya matumbawe walizipiga chokaa inayopitisha mvuke, na urembo wakauchonga humo humo ndani ya chokaa, vidaka kwa vidaka (vishubaka vya ukutani), bila kufunika chochote.

Mwite mtu aje kwa macho yake kama doa linakua mwezi hadi mwezi, kama mita ya maji inasogea usiku, au kama kuna ufa unaoingiza sarafu. Na kama kuna soketi ndani ya eneo lenye unyevu, zima swichi yake kwenye boksi la swichi kuu za umeme leo hii na umwite fundi umeme kabla ya fundi mwingine yeyote.

Ile roli ya sita usiirudishe dukani. Iweke ndani ya nailoni yake juu ya kabati, ikiwa imelala. Mtoto wa miaka 6 ana kalamu, na ukuta wako una maua ambayo bado hayajapakwa rangi.